Mwandishi Mpya wa Tamthilia na Wakongwe wa Jukwaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa na mtu aliyewahi kuingia kwenye chumba cha mazoezi akiwa na tamthilia moja tu mkononi, akakuta humo watu waliokwisha kuandaa tamthilia nyingi kuliko alizowahi kuzisoma. Maswali ni yale ambayo waandishi wapya huyauliza mara nyingi, aghalabu kwa kunong'ona na wakiwa nje ya mlango. Urefu wa majibu haulingani kwa kuwa uzito wa maswali nao haulingani.

Kikundi chenye uzoefu kimeukubali muswada wangu. Je, maana yake muswada umekamilika?

Hapana, na hilo lisikuvunje moyo. Maana yake ni kwamba watu wanaojua kazi wameona ndani yake uhai wa kutosha kuwafanya wautolee muda wao. Riwaya humfikia msomaji ikiwa karatasi, lakini tamthilia humfikia mtazamaji ikiwa imepita kwanza katika vinywa na miili ya watu wengine, na katika safari hiyo mambo mengi ambayo mwandishi hakuyaona huanza kuonekana.

Hatua ya kwanza huwa ni usomaji wa mezani, ambapo waigizaji huketi na kuusoma muswada mzima kwa sauti. Ukiombwa usome sehemu yoyote wewe mwenyewe, kataa kwa adabu, kwa sababu mwandishi anaposoma kazi yake hutia kwa sauti kile ambacho hakukitia kwa kalamu. Usifuatishe maneno kwa macho pia. Funika karatasi, sikiliza, na uandike tu pale ambapo mwigizaji amekosa pumzi katikati ya sentensi, pale ambapo watu wamecheka usipotarajia, na pale ambapo mtu ameanza kufunua kurasa za mbele ili aone zimebaki ngapi. Alama hiyo ya mwisho ni ya kweli kuliko pongezi zote utakazopewa mwishoni. Hakikisha vilevile kwamba mtu ameshika saa, kwa kuwa idadi ya kurasa haisemi lolote la uhakika kuhusu muda: ukurasa wa majibizano mafupi hupita upesi, na mstari mmoja wa maelekezo usemao kwamba mhusika anaandaa meza kimyakimya unaweza kula dakika mbili nzima.

Nani hasa ana kauli ya mwisho?

Inategemea kauli hiyo inahusu nini. Kwa desturi ya jukwaa, maneno ni ya mwandishi, namna yatakavyotendwa ni ya mwongozaji, na fedha, ukumbi na tarehe ni za mtayarishaji. Mpaka kati ya maeneo hayo si ukuta, na sehemu kubwa ya kazi nzuri hufanyika pale mpakani.

Wengi hufika wakidhani kwamba mambo huwa kama katika filamu, ambako ni kawaida muswada kununuliwa moja kwa moja na mwandishi kuweza kubadilishwa kama fundi. Katika tamthilia mwandishi kwa kawaida hubaki na hakimiliki na kuwapa wengine ruhusa ya kuiigiza kwa muda na kwa masharti. Haki hiyo haikuja yenyewe. Nchini Marekani, kwa mfano, ilichukua mshikamano wa waandishi chini ya chama chao, Dramatists Guild, hadi mwaka 1926 ndipo watayarishaji wa Broadway, yaani kumbi kubwa za kibiashara za New York, wakakubali mkataba wa pamoja uliohakikisha kwamba maneno hayabadilishwi bila ridhaa ya aliyeyaandika. Kuwa na haki, hata hivyo, ni jambo moja, na kuitaja kila asubuhi mazoezini ni jambo lingine kabisa.

Je, nihudhurie mazoezi kila siku?

Hudhuria siku za mwanzo, ambapo watu bado wako mezani wakiuliza kwa nini mhusika huyu anasema hivi na yule ananyamaza. Kisha ondoka. Kipindi ambacho waigizaji wanatafuta miondoko yao, wanajikwaa, wanajaribu sauti isiyofaa na kuiacha, ni kipindi cha aibu, na mtu aliyeyaandika maneno akiwa ameketi pembeni huwafanya waharakishe kupata jibu ili wamridhishe. Rudi watakapoweza kupitisha tamthilia nzima bila kusimama. Utakuja na masikio yaliyopumzika, na hilo ndilo jambo ambalo kila mtu mwingine chumbani atakuwa amelipoteza.

Mwigizaji akiniuliza mhusika wake anamaanisha nini, nimjibu?

Jibu kuhusu mambo yaliyotokea kabla ya hadithi kuanza, kama mhusika alizaliwa wapi au alimwona nduguye mara ya mwisho lini. Usijibu kuhusu namna ya kutamka au kutenda, bali mwelekeze kwa mwongozaji, tena hata kama una hakika na jibu lako. Mwigizaji anayepokea maelekezo kutoka midomo miwili mwishowe hamsikilizi yeyote, na mwongozaji anayegundua kwamba kuna mazungumzo ya kando huanza kukufungia mlango. Maoni yako yote yapitie kwake, yakiwa yameandikwa, mwisho wa siku, mkiwa wawili. Katika mambo yote yaliyomo humu, hili ndilo ambalo likikosewa huharibu ushirikiano kwa kasi zaidi.

Nimeambiwa kwamba onyesho langu "limepwaya" na nikapewa njia ya kulirekebisha ambayo siipendi. Nifanye nini?

Tenganisha ugonjwa na dawa. Watu waliokaa jukwaani miaka mingi hutambua mahali panapouma kwa wepesi wa kushangaza, kwa sababu wameshahisi mara nyingi watazamaji wakiwaponyoka, lakini mazoea hayohayo huwafanya waruke moja kwa moja kwenye dawa. Watakwambia mama aondoke mapema, au barua isomwe kabla ya ugomvi. Unaweza kuikataa dawa bila kuukataa ugonjwa. Uliza maswali yanayorudi nyuma: ni sentensi ipi uliyoacha kusikiliza, ulitarajia nini wakati huo, ulidhani nani anamtaka nani? Ukipata watu watatu waliochoka mahali pamoja, amini kwamba pana kasoro, hata kama dawa zao tatu zinapingana.

Nitatoa mfano wangu. Katika tamthilia yangu ya kwanza, mwigizaji aliyeigiza kaka mkubwa alikuwa akisahau sentensi ileile kila siku kwa karibu wiki mbili. Alikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 20, nami nilianza kudhani kwamba ananidharau. Siku moja meneja wa jukwaa, ambaye kazi yake ni kufuatilia kila neno kwenye daftari lake, aliniita kando akanionyesha alama zake za penseli: mistari mirefu yote mtu huyu alikuwa ameihifadhi kikamilifu, ila huo mmoja mfupi. "Huyu hasahau," akaniambia, "anakataa, ila hajui kama anakataa." Nilirudi kuitazama sehemu ile. Kabla tu ya sentensi hiyo, kaka anakunja shati la marehemu baba yao na, badala ya kuliweka katika sanduku lake, analiweka katika sanduku la dada. Kisha nilikuwa nimempa maneno ya kumwambia dada kwamba hakuja kugombea urithi. Alikuwa ameshalisema kwa mikono! Niliifuta sentensi, na kuanzia siku hiyo hakukwama tena.

Sikuokolewa na kipaji changu pale, bali na penseli ya mtu mwingine. Tangu hapo nina utaratibu wa kushukuru kwa kila maoni, kuyaandika kwa maneno yaleyale ya msemaji, na kutoyajibu siku hiyohiyo. Maoni yanayouma sana usiku mara nyingi huwa na maana asubuhi. Yale yasiyouma hata kidogo huwa hayagusi kitu.

Wala usidhani kwamba ni waandishi wapya tu wanaoombwa mabadiliko. Mwaka 1955 Tennessee Williams, aliyekuwa tayari na jina kubwa, aliombwa na mwongozaji wake Elia Kazan aandike upya sehemu ya tatu ya *Cat on a Hot Tin Roof*. Aliiandika, tamthilia ikafanikiwa, lakini ilipochapishwa kitabuni alitoa matoleo yote mawili ya sehemu hiyo pamoja na maelezo yake. Hiyo ni njia ya kiungwana: jaribu pendekezo kwa moyo mkunjufu, na utunze toleo lako mahali salama.

Waigizaji wanabadilisha maneno yangu. Je, huo si utovu wa heshima?

Mara nyingi si utovu wa heshima, ingawa wakati mwingine ni uvivu. Mwigizaji ambaye hajahifadhi vizuri hubadilisha maneno tofauti kila siku, na huyo ni wa meneja wa jukwaa kumsahihisha. Mwigizaji ambaye kila siku hubadilisha neno lilelile kwa namna ileile anakuletea habari: huenda sentensi inagonga ulimi, huenda mhusika wa tabia ile hawezi kusema maneno ya kitabuni namna ile. Soma alichokisema badala ya ulichokiandika, kwa sauti, na uamue bila kinyongo. Ukikubali, badiliko liingie rasmi katika muswada siku hiyohiyo. Ukikataa, toa sababu.

Kuna pia vikundi ambavyo kubuni papo kwa papo ndiyo namna yao ya kazi, na ni vyema ulijue hilo kabla hujawapa muswada. Shelagh Delaney alikuwa na umri wa miaka 19 wakati kikundi cha Theatre Workshop cha Joan Littlewood nchini Uingereza kilipoiandaa tamthilia yake ya kwanza mwaka 1958. Katika mazoezi muswada ulifinyangwa, wanamuziki wa jazi wakawekwa jukwaani, na wahusika wakaanza kuwageukia watazamaji na kusema nao. Watu wamejadiliana tangu wakati huo kuhusu kiasi gani ni cha nani. Mwandishi anayethamini kila nukta aliyoiweka asijipeleke kwa kikundi cha aina hiyo halafu akashangaa.

Nimetakiwa kupunguza kurasa 15. Nianzie wapi?

Anzia kwenye salamu na kuagana, kwa sababu onyesho linaweza kuanza wahusika wakiwa wameshaketi na kuisha kabla hawajainuka. Kisha nenda kwenye sehemu ambazo mhusika anamwambia mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua na linasemwa kwa ajili ya mtazamaji tu. Kisha angalia pale ulipotumia tamathali mbili kwa wazo moja, uibakize ile iliyo ngeni zaidi. Ukifika hapo na bado kurasa hazijatosha, ndipo utafakari kumwondoa mhusika mzima, jambo ambalo ni chungu lakini mara nyingi humnufaisha mhusika anayerithi maneno yake.

Kilichokatwa hakijafa. Lorraine Hansberry alipofika Broadway mwaka 1959 na *A Raisin in the Sun*, chini ya uongozaji wa Lloyd Richards, baadhi ya sehemu ziliondolewa, ikiwamo ile ya jirani mmoja mdaku, na miaka mingi baadaye zikarudishwa katika matoleo ya kitabu. Weka jalada la vipande vyote ulivyovikata, kila kimoja na tarehe yake.

Je, maelekezo ya jukwaani niliyoyaandika lazima yafuatwe?

Yapo ya aina mbili. Maelekezo yanayosema kwamba mhusika anafunga mlango kwa komeo ni sehemu ya hadithi, hasa ikiwa baadaye mtu atagonga na kushindwa kuingia, na mwandishi ana haki ya kuyasimamia. Maelekezo yanayosema kwamba anazungumza "kwa huzuni kubwa" ni ushauri wa kuigiza, na waigizaji wengi wakongwe huyafuta kwa kalamu kabla ya siku ya kwanza. Usikasirike. Ikiwa huzuni haipo ndani ya maneno, mabano hayataileta.

Wapo walioyasimamia yote bila kulegeza. Mwaka 1984 Samuel Beckett, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa tayari maarufu duniani, alipinga vikali onyesho la *Endgame* lililoandaliwa Marekani, ambalo mandhari yake yalihamishiwa kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi, na shauri likaishia kwa tamko lake la kulikana onyesho hilo kuchapishwa katika kijitabu cha watazamaji. Lakini Beckett wakati huo alikuwa Beckett.

Kuna watu wengine ambao sikuwahi kuwafikiria nilipokuwa nikiandika. Nishirikianeje na wabunifu na mafundi?

Waandishi wapya humwogopa mwongozaji na kuwasahau hawa, ilhali hawa ndio watakaokwambia ukweli kwa vipimo. Niliwahi kuandika kwamba mhusika anatoka akiwa amevaa mavazi ya harusi na kurudi, baada ya majibizano mafupi, akiwa katika nguo za msiba. Kwenye karatasi mpito ule ulinipendeza mno. Msimamizi wa maleba hakubishana nami. Aliniomba nisome majibizano yale kwa sauti huku ameshika saa, ikatoka sekunde 9. Kisha akamwita mwigizaji na wasaidizi wawili, wakajaribu kumvua na kumvisha kwa haraka yote waliyoiweza, wakatumia sekunde 40. Akanitazama tu. Niliandika sekunde 31 za ziada, na kwa mshangao wangu ndizo watazamaji walizozikumbuka zaidi, kwa kuwa zilinilazimisha kumpa dada mdogo, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, kitu cha kusema.

Kwa hiyo omba kukutana na wabunifu wa mandhari, taa, sauti na maleba mapema, na uwaulize ni ukurasa gani unaowapa shida. Vilevile jifunze namna ya kupeleka mabadiliko: kila ukurasa mpya uwe na tarehe, neno lililobadilika liwekwe alama, na nakala ipitie kwa meneja wa jukwaa peke yake, ambaye ndiye atakayehakikisha kwamba mtu wa taa na mwigizaji wanasoma kitu kimoja. Kumtumia mwigizaji mmoja sentensi mpya usiku kwa simu ni kosa ambalo hufanywa mara moja tu.

Wamenisaidia sana. Je, sasa wao pia ni waandishi wa tamthilia hii?

Kwa kawaida, hapana. Sheria za hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa na si wazo lenyewe, kwa hiyo aliyependekeza kwamba mama aondoke mapema hajawa mwandishi kwa sababu hiyo tu. Shauri linalotajwa sana ni lile la tamthilia ya muziki *Rent* ya Jonathan Larson, aliyefariki Januari 1996 muda mfupi kabla ya maonyesho kuanza. Dramaturgi wake, yaani mshauri aliyefanya naye kazi juu ya muswada, alidai kutambuliwa kama mwandishi mwenza. Mahakama za Marekani zilikubali kwamba mchango wake ulikuwa wa maana, lakini mwaka 1998 mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba hakuwa mwandishi mwenza, kwa kuwa Larson hakuwahi kukusudia kuwa na mwenza.

Mashauri ya namna hiyo huzaliwa na ukimya. Zungumza mapema, wakati ambapo hakuna fedha ya kugombea, na muandike katika barua fupi nani ni mwandishi, nani ni mshauri, na majina yatatajwaje. Ikiwa mtu ameandika kurasa nzima zilizobaki katika tamthilia, mpe haki yake na asilimia yake. Shukrani ya mdomo haitoshi.

Mkataba wangu wa kwanza unapaswa kuwa na nini?

Uwe na ridhaa yako kwa badiliko lolote la maneno, na kifungu kinachosema kwamba badiliko likikubaliwa linakuwa mali yako, awe amelipendekeza nani. Uwe na mwisho wa ruhusa: kikundi kinapata haki ya kuigiza kwa muda fulani na mahali fulani, na baada ya hapo haki inarudi kwako. Utaje mrabaha kama asilimia ya mapato ya viingilio, na useme kama ni kabla au baada ya kutoa gharama, kwa sababu tofauti ya maneno hayo mawili yaweza kuwa malipo yako yote. Utaje haki yako ya kuhudhuria mazoezi na jina lako kuonekana katika kila tangazo. Angalia kwa makini kifungu kinachowapa washiriki wa kwanza sehemu ya mapato ya vikundi vingine vitakavyoiigiza baadaye. Si kibaya chenyewe, lakini kiwe na kikomo cha miaka. Mpe mwanasheria ausome kabla ya kutia sahihi, hata kama waliokuletea ni watu unaowaheshimu.

Tukishindwa kabisa kuelewana na mwongozaji?

Kwanza hakikisha kwamba mnazungumzia tamthilia ileile. Chekhov aliamini kwamba tamthilia yake ya mwisho, iliyoonyeshwa Moscow mwaka 1904, ni vichekesho, ilhali Stanislavski aliyeiongoza aliiona kuwa ni tanzia, na wawili hao walikuwa wameshafanya kazi pamoja kwa miaka kadhaa. Swali la "watu watacheka wapi?" likiulizwa siku ya kwanza hufichua tofauti ya namna hiyo kabla haijagharimu chochote. Ikiwa mmeshachelewa, mwombe mtayarishaji aketi nanyi, na uje na mambo mawili au matatu tu ambayo huwezi kuyaachia. Mwandishi mwenye mambo 20 asiyoweza kuyaachia husikilizwa kama asiye na hata moja. Kuondoa muswada ni haki ya mwisho, nami nimeshuhudia ikitumika mara moja. Tamthilia ile haijaonyeshwa hadi leo.

Usiku wa kwanza wa maonyesho nina kazi gani?

Huna. Siku kadhaa kabla ya hapo muswada hufungwa, yaani hakuna neno litakalobadilika tena, ili waigizaji wapate kuyazoea waliyo nayo. Keti nyuma kabisa, karibu na mlango, na utazame visogo vya watazamaji badala ya jukwaa. Vitakuonyesha ni wapi walipoinama mbele na wapi walipoanza kujigeuza vitini. Ukiona kosa, liandike gizani. Usilipeleke nyuma ya jukwaa usiku huo. Mpelekee mwongozaji kesho yake, lakini si kabla ya saa tano asubuhi, kwa kuwa atakuwa amelala.